Milioni Moja, Elfu Kumi na Nane, Themanini na Moja

Msibani Nkoaranga, mwezi uliopita, nilikabidhiwa kisu na kuambiwa nitafute pa kukaa kati ya wanawake waliokuwa wakimenya ndizi. Kigoda kilichokuwa wazi kilikuwa kando ya mama mmoja mnene, mwenye miwani na shuka mabegani, ambaye kisu chake kilikuwa kinakwenda bila yeye kukitazama. Nilikaa, nikasalimia, nikaanza kumenya. Aliniangalia mikono kwa muda, kisha akasema, "Ndeshi, miaka yote hii na bado unaondoka na nusu ya ndizi." Ndipo nikamtambua Nashipai. Tulikuwa tumekuja kumzika Mama Eliamani, mke wa Mwalimu aliyetufundisha hesabu sisi wawili. Mwalimu mwenyewe alitangulia zamani. Mimi na Nashipai tulilala kitanda kimoja kwa miezi tisa tukiwa wasichana, halafu kazi zikatutupa huku na huko. Mimi nilipima viwanja nusu ya nchi hii, yeye alifundisha shule za mbali, na anwani zikapotea kama zinavyopotea. Tulishikana mikono yenye utomvu, tukaulizana habari za wajukuu, magoti na presha. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninaikumbuka ile namba. Niliitaja bila kusita: moja, sifuri, moja, nane, sifuri, nane, moja. Mama aliyekaa mbele yetu alidhani tunapeana namba ya simu, akasema mbona imepungua.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na F ya hesabu. Masomo mengine yalikuwa yamekaa vizuri tu, lakini mimi nilitaka kuwa mpima ardhi, na bila hesabu chuo cha upimaji kisingenifungulia hata geti. Sababu ya kutaka kazi hiyo haikuwa ya maana sana. Nilikuwa nimemwona mwanamke mmoja kule Kisongo, karibu na uwanja wa ndege, akichungulia kwenye darubini ya miguu mitatu huku wanaume wanne wamesimama juani wakisubiri aseme neno. Nilitaka na mimi nisubiriwe hivyo. Basi nikapelekwa Nkoaranga kwa Mwalimu, mzee mfupi wa Kimeru mwenye sweta la kijani lililotoboka viwiko, ambaye baada ya kustaafu alikuwa akiwapokea nyumbani kwake wanaorudia mtihani, si zaidi ya wawili kwa mwaka. Mwaka ule tulikuwa mimi, mtoto wa mjini niliyekuwa naogopa mbuzi, na Nashipai wa Oldonyo Sambu, aliyekuwa haogopi kitu isipokuwa kuulizwa swali mbele za watu. Mwalimu alifundisha kwa Kiswahili ingawa mtihani ulikuwa wa Kiingereza. Alisema hesabu ikishaingia kichwani, Kiingereza kitafuata chenyewe.

Darasa letu lilikuwa sebule yake. Naiona hata sasa vizuri kuliko ninavyoiona sebule yangu mwenyewe: sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa nta hadi ikawa inateleza, makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma, magunia ya kahawa kavu yaliyopangwa kwenye kona kwa sababu stoo ndiyo tuliyolala sisi. Ukuta mzima wa upande wa jikoni ulikuwa umefunikwa na karatasi za manila zilizogundishwa pamoja, na juu yake Mwalimu alikuwa ameandika kwa rula namba zote kuanzia moja hadi elfu moja, mistari mia ya namba kumi kumi. Namba zinazogawanyika alizikata kwa wino mwekundu. Zile zisizogawanyika kwa chochote isipokuwa moja na zenyewe, namba tasa, alizizungushia duara la buluu. Maduara yalikuwa mia moja sitini na nane, na la mwisho kabisa, chini kulia, lilikuwa la mia tisa tisini na saba. Tulikunywa chai tukizitazama, tukala tukizitazama. Mpaka leo ukiniuliza kama mia nne thelathini na tatu ni tasa, sihesabu; naona duara lake, chini kidogo ya swichi ya taa.

Mama Eliamani ndiye aliyetulisha, na chakula chake ndicho kilichonifanya nisitoroke wiki ya kwanza. Asubuhi uji, mchana ndizi na maharage, na Jumamosi loshoro, mahindi na ndizi zilizopondwa kwa maziwa mgando, ambayo Nashipai aliyajua tangu kwao na mimi niliyakataa mara mbili, halafu nikawa nakwangua sufuria. Mama alitusemesha kwanza kwa Kimeru, akiona tumekodoa macho ndipo anarudia kwa Kiswahili, kwa uvumilivu wa mtu anayeamini kwamba ipo siku tutaelewa. Baada ya chakula tulisaidia shambani, kisha tukarudi kwenye makaratasi. Wakati wa mavuno tulichuma kahawa na kuzungusha mashine ya mkono ya kuimenyea, mpaka mikono inanuka utamu ulioanza kuchacha. Nilikuwa na furaha mwaka ule na nilikuwa najua kwamba nina furaha, jambo ambalo halijanitokea mara nyingi.

Namba yenyewe tulipewa Julai, asubuhi ya ukungu, kwenye kitalu cha miche ya kahawa nyuma ya nyumba. Mwalimu alichuchumaa kati ya viriba vya miche na kutuambia tuchukulie kwamba tuna miche milioni moja, elfu kumi na nane na themanini na moja. Ukiipanga miwili miwili, unabaki mmoja. Ukiipanga mitatu mitatu, unabaki mmoja. Minne, mitano, sita, saba, nane, tisa, kumi, kila mara unabaki mmoja tu mkononi. Alitaka tumwambie kama ipo idadi yoyote ambayo ukiipanga hivyo mistari inatoka sawa na mche haubaki. Kama haipo, basi namba ni tasa. Alitukumbusha kwamba hakuna haja ya kujaribu kila idadi, kwa sababu mistari ya sita ikikubali, ya miwili nayo itakubali. Tujaribu kwa zile zenye duara la buluu peke yake. Kikokotoo alikifungia kabatini. Halafu akasimama, akajipangusa magoti, na kusema kitu ambacho hakukisema kwa ukali. "Mniletee jibu, na mniletee kazi. Baki ambalo hukulipata kwa mkono wako usiniletee. Ukiniletea, unafunga mzigo." Tulijua hatanii, kwa sababu mwaka uliotangulia mwanafunzi mmoja alifunga.

Tuligawana. Nashipai alichukua maduara themanini na manne ya kwanza, mimi themanini na manne ya mwisho, kuanzia mia nne thelathini na tisa. Tuliandika migongoni mwa karatasi za mitihani ya zamani, na kila baki tulilihamishia kwenye daftari moja la kurasa themanini lililokaa mezani. Nashipai alikuwa anagawanya polepole, midomo ikitembea, na hakufuta kitu. Mimi nilikuwa mwepesi, na wepesi wangu ulinipa majivuno kwa wiki mbili. Wiki ya tatu kahawa iliiva kwa wingi, tukarudi kutoka shambani mabega yanawaka. Siku moja mchana ukungu ukaondoka, jua likatoka, mlima ukaonekana mpaka kileleni, na mimi nilikuwa na vigawo kumi na vinne vya kumaliza kabla ya chai. Sikuvigawanya. Niliandika mabaki kutoka kichwani, tarakimu tatu tatu zilizofanana na za kweli, nikalala kwenye majani chini ya migomba nikiota jua. Nilijiambia kwamba namba yoyote yenye sura ile lazima ni tasa, hivyo mabaki si kitu. Zile za mwisho, kuanzia mia tisa kwenda juu, nilizifanya kwa uaminifu kesho yake, maana nilihisi kama Mwalimu atakagua, atakagua mwishoni.

Siku tulipompelekea daftari, Mwalimu alikuwa sebuleni anasikiliza taarifa ya habari. Nashipai alinisukuma nisome mimi, nikasoma: tumejaribu kwa namba tasa zote mia moja sitini na nane, hakuna iliyogawanya, kwa hiyo namba hii ni tasa. Alipunguza redio. Alifungua ukurasa wa mwisho, akautazama kwa muda mfupi mno, akafunga daftari na kuturudishia. "Bado," akasema, kisha akaongeza redio. Hakusema kosa liko wapi, wala hakusema ni la nani.

Siku nne zilizofuata zilikuwa mbaya. Nashipai alilichukua daftari, akawa anagawanya upya asubuhi mpaka jioni, anakula bila kusema, analala ameupa uso ukuta. Mimi nilikuwa nimesadiki kwamba kigawo tulichokikosa kimo kati ya vile kumi na vinne nilivyovidanganya, na kwamba yeye anahangaika na nusu yake isiyo na kosa kwa sababu yangu. Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie. Mara tatu nikaona darubini ya miguu mitatu, wanaume wanne, na mimi narudi mjini na mzigo kichwani, nikafunga mdomo. Niliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya uoga, kwa sababu haikunifanya nifanye lolote. Ijumaa, nikiosha vyombo nje ya dirisha la jikoni, nilimsikia Mama Eliamani akimwambia mumewe kwamba yule wa Oldonyo Sambu ameshasema ataondoka Jumatatu, na kwamba yeye Mwalimu amemvunja mtoto wa watu moyo kwa namba isiyopikika wala kuliwa. Mwalimu alijibu kwamba hajamvunja mtu. Amewaambia bado, na bado si hapana. Mama akasema wewe unajua tofauti hiyo, wao hawaijui. Kisha nikasikia kijiko kinazunguka kwenye kikombe cha Mwalimu kwa muda mrefu.

Jumamosi baada ya chakula nilichukua karatasi na kalamu, nikajificha kwenye banda la mashine ya kahawa, nikaketi juu ya debe. Nilikuwa nimeamua hivi: nitavigawanya vile kumi na vinne kimoja kimoja, nikipata kinachogawanya nitampelekea Nashipai na kumwambia ukweli, halafu niende kwa Mwalimu nikafunge mzigo mimi badala yake. Niligawanya, na kila nilipomaliza nilirudia kwa kuzidisha. Cha kwanza kilibakiza. Cha pili kilibakiza. Nilipofika cha kumi nilianza kuona ajabu, na nilipomaliza cha kumi na nne nilikaa nikiitazama karatasi kama mtu aliyeandaliwa kuchapwa akaambiwa aende. Vyote vilibakiza. Uongo wangu haukuwa umeficha chochote. Lakini Mwalimu alisema bado, na Mwalimu hakuwa mtu wa kusema bado bila sababu, kwa hiyo niliendelea kugawanya, sasa kwa kutaka kujua tu. Nilirudia zile za mwisho pia. Mia tisa tisini na saba inaingia mara elfu moja na ishirini na moja, inabaki mia moja arobaini na nne. Nilikuwa nimeiandika hivyo hivyo wiki mbili nyuma bila kuitazama. Sasa niliitazama. Kadiri kigawo kinavyopanda, jibu linashuka, kama watu wawili wanaofuata njia moja, mmoja anapanda kutoka Tengeru na mwenzake anateremka. Na hapa aliyekuwa akiteremka alikuwa kwenye elfu moja ishirini na moja, aliyekuwa akipanda kwenye mia tisa tisini na saba. Walikuwa hawajakutana, na mpaka wakutane huwezi kusema umemaliza. Sisi tulikuwa tumesimama kabla hawajakutana kwa sababu manila ya ukutani ilikuwa imeishia hapo.

Nilikimbia mpaka stoo. Nashipai alikuwa amekaa kitandani, na nilimwambia kwa pupa kwamba si yeye wala si mimi, ni manila, nikamsimulia wale watu wawili wa njia moja. Tulihitaji duara linalofuata, ambalo halikuwepo ukutani, tukalitafuta wenyewe sakafuni kwa chaki. Elfu na moja inagawanyika kwa saba. Elfu na tatu kwa kumi na saba. Elfu na saba kwa kumi na tisa. Elfu na tisa ilikataa kila kitu. Basi tukaigawanya ile namba kwa elfu na tisa, yeye akiandika na mimi nikizidisha kwa mdomo, na jibu likatoka elfu na tisa. Hakuna baki. Nashipai aliweka chaki chini taratibu, akasema, "Wamekutana mlangoni mwa manila." Kisha akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka kwa wiki nzima.

Mwalimu alitupokea kama mtu aliyekuwa anatusubiri tangu asubuhi. Alitwambia kwamba namba ile si tasa, lakini ndiyo jirani wa karibu kabisa wa tasa: inagawanyika kwa vitu vitatu tu, moja, elfu na tisa, na yenyewe. Miche yake inakubali shamba moja peke yake, la mraba, mistari elfu na tisa ya miche elfu na tisa. Akafungua daftari letu ukurasa wa mwisho na kutuonyesha kilichomfanya aseme bado kwa haraka vile. Mabaki yangu ya mwisho matatu yalikuwa mia sita sabini na sita, mia tatu ishirini na nne, na mia moja arobaini na nne. Yote ni namba zilizozidishwa kwa zenyewe: ishirini na sita mara ishirini na sita, kumi na nane mara kumi na nane, kumi na mbili mara kumi na mbili. Chukua kigawo mia tisa themanini na tatu, ongeza ishirini na sita. Chukua mia tisa tisini na moja, ongeza kumi na nane. Chukua mia tisa tisini na saba, ongeza kumi na mbili. Kila mara unafika elfu na tisa. "Ilikuwa inawaita kwa jina," alisema, "na ninyi mmeishika mkononi." Nasema wazi kwamba hakuna mwanamume aliyewahi kuniambia neno lililonigusa hivyo, marehemu mume wangu akiwemo, naye alijitahidi. Jioni ile Mama Eliamani alichinja kuku, akisema hajui tunasherehekea nini lakini Nashipai haendi Jumatatu, na hilo linamtosha.

Tulifaulu wote. Mimi nilisubiriwa juani na wanaume wengi kuliko wanne, na niligundua kwamba si raha kama inavyoonekana. Kazini sikuwahi kuandika kipimo ambacho sikukisoma, hata pale wenzangu walipokuwa wakijaza fomu chini ya mti na kutaka twende tukale. Walinicheka kwa hilo, na baadaye wakawa wananiletea fomu zao nizikague. Nimeishi vizuri. Mjukuu wangu alipoiandika ile namba kwenye simu, ilimjibu kabla sijameza mate, naye akanitazama kwa huruma. Sikumweleza. Lakini katika miaka yote hiyo, kila nilipomkumbuka Nashipai nilikumbuka pia siku zile nne, na mgongo wake kitandani, na mimi nikijua na kunyamaza. Mwalimu alikufa sijamwambia. Mama Eliamani tulikuwa tumetoka kumfukia asubuhi ile.

Kwa hiyo pale pale, ndizi mapajani, nilimwambia Nashipai. Nilimwambia kwamba vigawo kumi na vinne kati ya vya kwangu nilivitungia mabaki, kwamba alipokuwa anateseka na nusu yake nilijua nusu yenye uongo ni yangu, na kwamba ningemwacha aondoke. Aliendelea kumenya mpaka akamaliza ile aliyokuwa nayo.

"Mia sita kumi na tatu," akasema. "Uliandika baki mia saba na mbili. Tangu lini baki likakizidi kigawo, Ndeshi? Nililiona siku ile ile aliyoturudishia daftari. Unafikiri siku zile nne nilikuwa narudia za nani?"

Alinieleza kwa utulivu, kama mwalimu aliyekwishazoea watoto, kwamba alirudia zangu zote themanini na nne, akawakuta waongo kumi na wanne, na hakuna aliyekuwa na madhara. Kuondoka hakukuwa kwa sababu ya namba. Alishindwa kulala kitanda kimoja na mtu anayemtazama akihangaika na hasemi. Nilimuuliza kwa nini basi hakuniripoti kwa Mwalimu. Akasema angesema, ningefunga mzigo, na huko kwao hakuna aliyewahi kufukuza mtu kwa kinywa chake akarudi kula naye.

"Na kwa nini ulibaki?"

"Jumamosi nilipita bandani kuchukua debe," akasema. "Debe ulikuwa umelikalia. Nikaona unagawanya mia sita kumi na tatu, halafu unaizidisha, halafu unaigawanya tena. Nikarudi stoo, nikatoa nguo kwenye begi."

Alichukua ndizi nyingine kutoka kwenye beseni, akanipa na mimi moja. Nililia pale kwenye kigoda mpaka miwani yangu ikajaa machozi, na kwa kuwa ilikuwa msibani, hakuna aliyeniuliza ninamlilia nani.